Siku Sitini za Kajiado

Katika masjala ya ardhi ya Kajiado kila kipande kina kadi yake. Watu huiita kadi ya kijani, kwa rangi yake. Ni karatasi ngumu iliyochapwa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inaieleza ardhi yenyewe: iko eneo gani la usajili, namba yake ni ipi, ukubwa wake wa kukadiria, na karatasi ya ramani inayoionyesha. Ya pili inamtaja mwenye mali. Ya tatu inaorodhesha mizigo: mkopo wa benki, zuio, amri ya mahakama. Kila ingizo lina namba, tarehe na sahihi ya msajili. Mwenye shamba akiuza, jina lake hupigwa mstari lakini hubaki likisomeka, na la mnunuzi huandikwa chini yake.

Juu ya kadi kuna nafasi mbili ndogo ambazo wanunuzi wengi hawazitupii jicho. Moja imeandikwa toleo, nyingine tarehe ya kufunguliwa. Chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, msajili aliruhusiwa kufungua toleo jipya lenye maingizo yaliyo hai tu na kuyaacha yale yaliyokwisha nguvu. Kwa hiyo ardhi ya Kajiado ina matoleo, kama kamusi inavyokuwa na matoleo, au kama programu ya simu. Tofauti ni kwamba huku toleo jipya likitoka, mtu anaweza kuamka na kukuta kisima alichochimba babake kimo ndani ya ua wa mwingine.

Ndiyo maana kinachostahili kuulizwa kuhusu historia ya ardhi ya kaunti hii si nani ana hati tu. Kabla ya kila badiliko kuandikwa kwa wino, nani aliambiwa? Aliambiwa wapi, kwa lugha gani, na alipewa siku ngapi za kukataa?

Badiliko kubwa la kwanza liliandikwa kwa lugha ambayo walioweka alama zao juu yake hawakuisoma. Mwaka 1904 Olonana na wazee wengine wa Kimaasai walikubaliana na serikali ya kikoloni kuliachia Bonde la Ufa walowezi, Wamaasai wakahamia sehemu mbili: Laikipia upande wa kaskazini, na nchi ya kusini mwa reli. Mkataba ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine, na watu wa Laikipia wakaambiwa nao washuke kusini. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wao, alipinga, na Wamaasai wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama iliitupa kesi kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya dola kwa dola, na mahakama ya ndani haikuwa na uwezo wa kuiamua. Nchi ya kusini waliyosukumwa ndani yake ndiyo leo Narok na Kajiado.

Huko kusini ardhi haikuwa na kadi, lakini ilikuwa na wenyewe. Kila olosho, yaani sehemu ya jamii ya Wamaasai, ilijua mipaka yake. Uwanda unaoanzia ng'ambo ya mto Mbagathi na kuenea kuelekea Isinya ulikuwa wa Ilkaputiei. Ndani yake kila mtaa ulikuwa na malisho ya masika na ya kiangazi, na karibu na boma palikuwa na olopololi, malisho ya ndama ambayo mgeni hakuingiza ng'ombe. Mabadiliko yalizungumzwa chini ya mti, wazee wakijadili mpaka mchana uishe. Asiyekuwepo alisubiriwa, au alitumiwa kijana kumwita.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya iliitaka nchi ya wafugaji nayo iingie katika rejista. Mwaka 1965 na 1966 tume iliyoongozwa na J. C. D. Lawrance ilichunguza usajili wa ardhi Kenya nzima, na kwa maeneo ya malisho ikapendekeza ardhi isajiliwe kwa jina la kundi badala ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1968 Bunge likatoa sheria mbili. Moja iliunda ranchi za pamoja, ambazo watu wa Kajiado huziita grupu ranchi, kila moja ikiwa na wawakilishi wasiopungua watatu na wasiozidi kumi. Nyingine iliweka utaratibu wa kuamua nani ana haki wapi, kabla chochote hakijapelekwa kwa msajili.

Sheria hii ya pili yafaa isomwe polepole, kwa sababu waliotunga walifikiri kwa makini kuhusu muda ulio kati ya kuandika na kukamilisha. Afisa alitangaza eneo la kazi. Kamati ya wenyeji ilikaa kusikiliza madai, na palipozuka ubishi suala liliweza kupanda mpaka bodi ya usuluhishi. Ramani ikachorwa na fomu zikajazwa. Kisha, kabla ya kupeleka chochote Nairobi, afisa alilazimika kuweka ramani na fomu hizo mahali ambapo watu wangeziona, na kutangaza kwamba ziko wazi kukaguliwa kwa siku 60. Ndani ya siku hizo yeyote aliyeona jina lake limerukwa, au mpaka wake umesogezwa, angeandika pingamizi. Asiporidhika na jibu, alikuwa na siku nyingine 60 za kukata rufaa kwa Waziri. Baada ya hapo rejista ilikuwa imekamilika.

Na kukamilika huko kulikuwa kwa kweli. Sheria ya 1963 iliruhusu mahakama kurekebisha rejista iliyopatikana kwa udanganyifu au kwa makosa, isipokuwa usajili wa kwanza. Usajili wa kwanza haukuguswa, hata pale hila ilipojulikana. Waliotunga walitaka hati ya kwanza iwe mwamba ambao benki na mnunuzi wangeusimamia bila wasiwasi. Lakini kwa uamuzi huo uzito wote wa haki uliangukia zile siku 60. Kilichopita bila kuonekana katika siku hizo kilipita moja kwa moja.

Sasa chukua siku hizo 60 uziweke mwezi wa Agosti, Kajiado. Nyasi za uwandani zimekwisha. Mwenye boma amehama na mifugo kwenda penye maji, na mkewe yuko na mbuzi na watoto wadogo. Rejista iko wazi katika ofisi ambayo kuifikia ni mwendo wa siku nzima, na imeandikwa kwa Kiingereza. Ramani imechorwa na mtu aliyezoea kusoma ramani, naye mzee anaijua nchi kwa vilima, mito na miti ya kivuli, haijui kwa mistari. Chifu ametangaza barazani, ndiyo, lakini baraza lenyewe limehudhuriwa na walio karibu na barabara. Kisheria kila mtu ameshaarifiwa.

Jina linalotajwa hadi leo wazee wa Kajiado wanapozungumzia jambo hili ni Iloodoariak. Wenyeji wa huko walilalamika kwamba rejista ilipokamilika ilikuwa na majina ya watu ambao hawajawahi kufuga wala kuishi pale, na kwamba familia zilizokuwa pale kwa vizazi zilirukwa. Malalamiko hayo yamepita katika ofisi nyingi na miaka mingi. Watu waliokuwa vijana mambo yalipoanza wamezeeka wakiwa bado wanashika mafaili ya plastiki chini ya kwapa.

Kitengela ilikuwa na hadithi yake. Grupu ranchi ya Kitengela ilikuwa na hekta 18,292 na wanachama 214 walioandikishwa. Namba hiyo ya pili ndiyo ya kutazamwa. Wanachama walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanaume wenye maboma siku daftari lilipoandikwa. Wake zao hawakuandikwa, na vijana waliozaliwa au kutahiriwa baadaye waliingia kwa ridhaa ya kamati, pengine wasiingie kabisa. Wakati ranchi ilikuwa moja, tofauti hiyo haikuuma sana, kwa kuwa ng'ombe wa asiyeandikwa walilisha pamoja na wa aliyeandikwa.

Katika miaka ya 1980 shinikizo la kugawa liliongezeka kote Kajiado. Ranchi zilikuwa na madeni. Wazee waliona vijana wanazidi kudai nafasi daftarini, na kila jina jipya lingepunguza fungu la kila mmoja. Nairobi ilikuwa inakuja. Serikali, ambayo ndiyo iliyozihimiza ranchi hizo, sasa iliunga mkono kuzivunja. Mwaka 1988 Kitengela ikagawiwa wanachama wake 214. Kwa wastani ingekuwa hekta 85 hivi kwa kila jina, lakini wastani haukai boma lolote. Mtafiti Esther Mwangi, aliyechunguza ugawaji wa ranchi nne nyingine za Kajiado, zikiwemo Enkaroni na Meto, alionyesha kwamba wajumbe wa kamati na walio karibu nao walipata vipande vikubwa kuliko wengine. Waliosimamia ramani ndio walioiona kwanza, nao wenzao wakaiona bikoni za mipaka zilipokwisha kupandwa.

Siku ile daftari la wanachama lilipofungwa ndiyo iliyokuwa siku ya toleo jipya la Kitengela, ingawa wengi hawakuijua wakati huo. Aliyekuwa ndani akawa mwenye hati. Aliyekuwa nje akawa mgeni wa babake au wa kaka yake.

Miaka miwili baadaye, 1990, sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje ikapitishwa, na eneo kubwa la viwanda hivyo likajengwa Athi River, ng'ambo tu ya mpaka. Wafanyakazi walihitaji vyumba, na barabara ya Namanga ilikuwa imepita katikati ya uwanda. Hapo ndipo kadi za kijani zilipoanza kuzaana. Mwenye hekta 80 aliuza tano, mwenye tano akakata ploti za hamsini kwa mia, vipimo vya futi ambavyo kila mkazi wa Kitengela anavijua kama jina lake. Kila mkato ulipita kwa seveya na fomu ya mutesheni: kipande mama kikachorwa na watoto wake, kadi yake ikafungwa, na kadi mpya zikafunguliwa kwa namba mpya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji wa Kitengela.

Kabla ya mauzo kulikuwa na kizingiti kimoja, na kilifanya kazi kubwa kuliko kinavyosifiwa. Sheria ya 1967 ilitaka kila mauzo na mgawo wa shamba upate idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ambayo watu huiita landi bodi, la sivyo mapatano ni bure. Muuzaji husimama mbele ya meza. Mwenyekiti humtazama, halafu hutazama nyuma yake. Mama yuko wapi? Watoto wanajua? Mama akiwa amekuja huulizwa mwenyewe, mbele ya watu, na kwa lugha anayoielewa. Wako waliosema hapana pale, na shamba likabaki. Wako pia walioletwa wakiwa wamefundishwa la kusema, na wako walioletwa wakawa wake wa kukodi, jambo ambalo kila seveya mkongwe wa Kajiado ana kisa chake. Hata hivyo, kati ya hatua zote za safari ya kipande cha ardhi, hii ndiyo iliyomtaka binadamu amwambie binadamu mwenzake kinachotaka kubadilika, uso kwa uso, kabla hakijabadilika.

Kuna walioguswa na mabadiliko hayo ambao hawangeweza kuja barazani. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, haina ua upande wa kusini, na nyumbu walikuwa wakitoka humo kila masika kuelekea uwanda wa Kaputiei, wakirudi kiangazi. Mwaka 1978 walihesabiwa zaidi ya 26,000 katika uwanda huo. Kufikia 2011 hawakufika 3,000. Njia zao zilizibwa na nyua, lakini hakuna kadi iliyoandika ua wowote, kwa sababu ua si umiliki. Basi mwaka 2004 wenyeji, wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, walizunguka uwanda na vipokezi vya setilaiti wakiandika kila ua, nyumba na barabara. Kwa mara ya kwanza wafugaji walikuwa na ramani waliyoichora wenyewe, inayoonyesha mambo ambayo rejista haiyaoni. Waliiweka mezani mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto ulipokuwa ukijadiliwa na halmashauri ya Olkejuado, iliyosimamia Kajiado wakati huo.

Baadhi ya wanaokaa sasa katika zile hamsini kwa mia hufanya kazi za ofisini Nairobi, na miongoni mwao wamo waandishi wa programu. Hao wana rejista yao ya kila siku. Chombo kinachotumika zaidi kutunza matoleo ya kazi zao ni Git, alichokianzisha Linus Torvalds mnamo Aprili 2005 na kumwachia Junio Hamano miezi michache baadaye. Nacho huhifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu, na la zamani hubaki likisomeka. Msajili wa Kajiado angekielewa upesi.

Watunzaji wa Git waliwahi kukabiliwa na tatizo dogo linalofanana na la Kajiado. Mtu alipotoa amri ya kusukuma kazi yake bila kutaja tawi, yaani mkondo mmoja wa kazi hiyo, chombo kilisukuma matawi yote yenye majina yanayolingana na ya kule yanakokwenda. Wengi walisukuma wasichokusudia. Ikaamuliwa kwamba kisukume tawi moja tu, lile mtu analolifanyia kazi. Maelezo ya toleo la 1.8.0, la Oktoba 2012, yalitangaza juu kabisa kwamba badiliko hilo litakuja katika toleo kubwa lijalo. Chombo chenyewe kikamwonya mtumiaji kwenye skrini yake, pale pale anapotoa amri, na kumweleza afanye nini akitaka kubaki na desturi ya zamani. Badiliko lenyewe lilifika na toleo la 2.0, Mei 2014.

Miezi 19 kwa amri moja ya kompyuta, na onyo likampata kila mtu pale anapofanyia kazi. Malisho ya ukoo mzima yalipewa siku 60, na karatasi ofisini. Haimaanishi watunzaji wa Git walikuwa wema na maafisa wa ardhi wabaya. Wale wa 2012 walikuwa na njia ya kumfikia kila mtumiaji, na walijua kwamba wakimkosea atapiga kelele siku hiyo hiyo. Mfugaji wa wakati ule, alipokosewa, alikuwa amezuiwa na sheria kurekebishiwa.

Sheria hiyo sasa haipo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 iliifuta ile ya 1963, na katika kifungu chake cha kurekebisha rejista haikurudisha kinga ya usajili wa kwanza. Mwaka 2016 sheria ya ardhi ya jamii iliondoa ile ya grupu ranchi, ikataka daftari la wanajamii lisibague mtu kwa jinsia wala umri, na ikaweka theluthi mbili ya wanajamii watu wazima kuwa sharti la kuuza ardhi yao. Ilipofika, Kitengela haikuwa na ardhi ya jamii ya kugawa.

Kisha likaja toleo la kompyuta. Mwisho wa Desemba 2020 Wizara ya Ardhi ilichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali orodha za kwanza za vipande vya Nairobi, namba ya zamani kando ya namba mpya, ikawapa wenye mali siku 90 kuleta malalamiko. Tarehe 27 Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazindua Ardhisasa, mfumo wa kusajili ardhi kwa mtandao. Siku 90 ni nusu zaidi ya 60, na orodha yenye namba mbili bega kwa bega ni tangazo lililo wazi kuliko yote ambayo watu wa nchi hii wamepewa kuhusu hati zao. Lakini Gazeti Rasmi husomwa na mawakili. Bibi mwenye ploti aliyoachiwa na mumewe hasomi Gazeti Rasmi. Humsikiliza mwanawe, redio ya Kimaa na chifu.

Wanunuzi wenye uzoefu Kajiado hawaridhiki na sachi, ule ukurasa mmoja unaosema nani ni mwenye mali leo. Huomba nakala ya kadi ya kijani, iliyothibitishwa na msajili, wakaisoma kutoka chini kwenda juu. Ingizo la mwisho ni la muuzaji anayewasubiri nje. La juu yake ni la aliyemuuzia, juu yake labda mkopo uliolipwa, na juu kabisa ni ingizo la kwanza, na maelezo kwamba kadi ilifunguliwa kutokana na mgawo wa namba fulani. Mnunuzi makini huandika namba hiyo na kurudi dirishani kuomba kadi mama. Kadi mama nayo itampeleka kwa mama yake, mpaka afike kwenye kadi yenye majina ya wawakilishi wa ranchi na mstari unaosema imefungwa. Hapo karatasi zinakwisha. Akitaka kujua nani alikuwa akilisha ndama mahali hapo kabla ya hiyo, itabidi avuke barabara ya Namanga, atafute boma ambalo bado liko, na aombe kuketi na wazee.